Petroli Inayolifaa Gari la Wagonjwa la Omurushaka

Hotuba ya Bwana Egbert Rwezaura, Mwenyekiti wa Kamati ya Motakaa na Mafuta, mbele ya wananchi wa Omurushaka, Ndama na Kyerwa, mwaka 1955. Yaliyo katika mabano yameandikwa na karani wa mkutano, ambaye hakupewa nafasi kivulini.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Bwana Shauri wa wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake iwekwe kitini, Waheshimiwa Wakungu, wakuu wa vijiji, mliofika, na ninyi Wakungu ambao bado mko njiani, Baba Padri wa misheni, Mchungaji wetu, ambaye kwa utaratibu wa mwaka huu anatajwa wa pili na mwakani atatajwa wa kwanza, Wajumbe wa Kamati ya Motakaa na Mafuta, pamoja na wake zao, Mzee wetu Ta Byarugaba, Mshauri wa Ufundi, Bwana Gaudiosus, dereva mteule wa gari la wagonjwa, simama wakuone, haya kaa, wafanyabiashara wa Omurushaka, wakulima wa kahawa na migomba, akina mama, na wengine wote ambao cheo chao hakijaundwa: wakubwa shikamooni, na wadogo nawaitikia marahaba kabla hamjanisalimu. (Makofi. Kofia ya Mwakilishi inaanguka, inaokotwa na kuombwa radhi.)

Ninasimama hapa, kando ya kitu hiki kikubwa kilichofunikwa turubai, na ninayaona macho yenu hayatoki kwenye turubai. Subirini. Kila jambo lina utaratibu wake, na utaratibu wa leo ni kwamba kwanza nitasema. Mtakumbuka kwamba mliliomba Baraza gari la kupeleka wagonjwa hospitali, kwa sababu mmechoka kuwabeba kwa machela juu ya vilima hivi, wengine wakifika huko wakiwa hawamhitaji tena daktari. Baraza lilisikia, likasikitika, likapokea kahawa mliyochanga kila nyumba, na mara moja, bila kupoteza hata dakika, likaunda kamati. (Makofi kutoka kwa kamati.)

(Ma Kokubanza wa Ndama, kutoka nyuma: "Waitu, bwana wangu Mwenyekiti, shikamoo. Samahani kwa kukukatiza. Mkamwana wangu Joviana ameshikwa uchungu tangu alfajiri, tumemleta hapa kwa kuwa tumesikia gari linatolewa leo. Yuko pale mgombani amelala. Tunaomba litolewe sasa.")

Marahaba, mama. Hilo ndilo swali zuri, na linanifikisha moja kwa moja kwenye ukurasa wa pili wa hotuba. Gari, ndugu zangu, haliendi kwa uchungu wa mtu. Linakwenda kwa petroli. Na petroli haiji kiholela. Ina kitu ndani yake kinachoitwa okteni, neno ambalo wengi wenu mnalisikia leo kwa mara ya kwanza, nami nalitamka taratibu kwa faida yenu. Okteni ni namba inayoonyesha petroli inavumilia kubanwa kiasi gani ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati wake. Injini inayobana sana, ukiipa petroli ya okteni ndogo, itagonga, ko, ko, ko, mpaka ipasuke. Injini inayobana kidogo, ukiipa petroli ya okteni kubwa, haidhuriki wala haipati nguvu yoyote ya ziada. Umemvika mtoto koti la askari, basi. Kwa hiyo suala la kisera, kiufundi na kiutawala lililoikabili kamati yangu lilikuwa moja: injini yetu inabana kiasi gani? (Bwana Gaudiosus anainua mkono, anaambiwa aushushe.)

Kulijibu suala hilo, kamati ilisafiri hadi Bukoba, ikakaa huko kwa muda uliohitajika, ikala samaki kwa kiasi kilichohitajika, na ikaonana na mwuza mafuta mmoja, mtu asiye na subira, ambaye alitujibu kwa ufupi usiofaa kwamba tusome kitabu kinachokuja na gari, maana mtengenezaji ameandika humo petroli inayotakiwa. Kamati ilikataa kwa kauli moja kuongozwa na kitabu. Sababu za kutokuwa nacho nitazigusia mwishoni. (Ma Kokubanza: "Mimba hii ilitungwa kamati ikiwa Bukoba, waitu.") Na imekua vizuri, mama, hongera sana, hilo nalo ni maendeleo.

Tulirudi na petroli ya namna mbili, ya kawaida na ya spesheli, tukafanya tathmini. Asilimia themanini na saba ya wajumbe walinusa. Asilimia sitini walielewa walichonusa. Mjumbe mmoja alionja, naye anaendelea vizuri. Ikadhihirika kwamba ya spesheli ni kali zaidi, lakini ile ya kawaida ndiyo tuliyokuwa nayo nyingi, na hapo, ndugu zangu, ndipo akili ya watu wa Karagwe ilipoipita akili ya Ulaya. Ta Byarugaba, ambaye hakuna harusi wala matanga katika nchi hii yaliyowahi kulalamikia pombe yake ya rubisi, aliuliza kwa nini tununue ukali wakati tunaweza kuutengeneza. Maji ya ndizi yakitoka kukamuliwa hayana nguvu hata ya kumchekesha mtoto. Yakimiminwa kwenye mtumbwi wa mti, yakatiwa unga wa mtama, yakafunikwa majani ya mgomba na kuachwa yalale, yanaamka mengine kabisa. Petroli ina kosa gani? (Ta Byarugaba anasimama na kuinama mara mbili.)

Tukaimimina yote mtumbwini. Tukaifunika. Tukapiga marufuku mtu yeyote kuwasha kiko karibu, isipokuwa mimi. Kila asubuhi Ta Byarugaba alifunua jani, akanusa, akatangaza kwamba bado inachachuka. Na ninayo furaha kuwatangazia leo kwamba okteni ilipanda, ikapanda, ikazidi kupanda, na kwa bahati ambayo bado inachunguzwa, petroli nayo ilipanda pamoja nayo, hadi ikatoweka yote hewani. Unga wa mtama umebaki. (Minong'ono. Mwanamke analia mgombani.)

(Ma Kokubanza amekuja mbele. Anasema: "Mwenyekiti, chupa imepasuka. Mtoto wa kwanza Joviana alimpoteza njiani, nikiwa nimeshika mguu wa machela kwa mikono yangu hii. Sina hasira na okteni. Nina hasira na wewe. Fungua turubai, hata kama halina petroli tutalisukuma.")

Mama, nakuomba urudi kwenye nafasi yako, kwa kuwa kufunua turubai kumepangwa baada ya kwaya, na kwaya bado haijaimba. Lakini, vijana, nasema lakini, vijana, msivute hapo, ile kamba ni... (Vijana wa Ndama wanavuta turubai. Ndani yake upo mtumbwi wa Ta Byarugaba, mkavu, umeinuliwa juu ya mawe manne. Hakuna gari. Watu wanautazama mtumbwi, kisha wanamtazama Mwenyekiti. Hakuna anayecheka.)

Naam. Kama mnavyoona, hatua ya kwanza imekamilika. (Vijana wanaichukua turubai, wanang'oa nguzo mbili za kibanda cha wageni, wanazifunga kwenye turubai iwe machela. Kibanda kinaanguka juu ya meza kuu. Joviana analazwa kwenye turubai, Ma Kokubanza anashika upande wa kichwa, nao wanaingia barabarani wakikimbia kwa zamu. Bwana Gaudiosus, dereva mteule, anashika nguzo ya nyuma. Watu wote wanawafuata.)

Msiondoke, ndugu zangu, nimebakiza shukrani. Karagwe, mbele! (Hakuna jibu.) Petroli sahihi, injini sahihi! (Anajibu mbuzi.) Nawashukuru mafundi waliojenga banda la gari. Namshukuru dereva, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kupata ajali. Nalishukuru kwa namna ya pekee gari lenyewe, ambalo kamati haikuona busara kuliagiza kabla ya kuamua litakunywa nini. Na ninyi mlioko barabarani, kama bado mnanisikia: mkishamfikisha mgonjwa, salama au vyovyote itakavyokuwa, turubai irudishwe ofisini kwangu ikiwa safi, kwa maana katika vifaa vyote vya mradi huu ndicho kifaa pekee kilichowahi kununuliwa.