Matundu Mawili ya Mkanda

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kiende, mke wa mwanangu, amerudi kufundisha. Nimeachiwa mtoto. Ana miezi minne na jina la marehemu mke wangu, Peninah, kwa hivyo namwita mke wangu, kama ilivyo desturi. Nyonga yake ya kushoto imelegea tangu azaliwe. Daktari amemfunga mikanda, miguu imepanuka kama ya chura. Ataivaa wiki sita. Nyingi mno.
Marehemu naye alichechemea maisha yake yote. Kila siku ya soko la Nkubu nilimtangulia hatua hamsini. Sikumngoja hata mara moja.

Jumanne, 5 Machi
Felicitas, mamake Kiende, ametuma habari kutoka Embu. Atakuja Jumamosi kumchukua mjukuu. Eti mwanamume hajui kulea.
Nimefikiri. Ikiwa kupanua miguu ndiyo dawa, kuipanua zaidi kutaponya upesi. Nimekaza mkanda matundu mawili. Hajalia. Dalili njema.

Alhamisi, 7 Machi
Analia. Mguu wa kushoto hautikisiki. Nimemwambia Kiende ni meno. Akauliza, meno gani, Baba, ya miezi minne?

Ijumaa, 8 Machi
Kiende amehesabu matundu. Hospitali.
Daktari hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa midogo ya damu. Mguu ukipanuliwa kupita kiasi, mishipa hubanwa, na mfupa huanza kufa kwa kukosa damu. Akauliza nani alikaza. Nikatazama dari. Kiende naye akatazama dari. Ndipo nikasema ni mimi.
Mkanda umelegezwa. Jioni mguu umetikisika kidogo. Huenda tumewahi, daktari hana hakika.
Mwaka mmoja nilitia shamba mbolea mara mbili, mahindi yakaungua. Marehemu alisema, wewe Riungu huongeza kila kitu isipokuwa subira.

Jumamosi, 9 Machi
Felicitas amefika, ameambiwa yote. Nilingoja matusi. Alisema tu kwamba marehemu alikuwa akicheka, eti kwa haraka zangu nitafika mbinguni kabla lango halijafunguliwa.
Lakini ni marehemu aliyetangulia. Nimetoka nje kidogo.
Mtoto atabaki hapa, Felicitas pia, kunilinda. Daktari ametia alama ya wino kwenye tundu linalofaa. Nimeapa sitagusa mkanda tena.
Ila kuweka mto chini ya goti la mtoto hakukutajwa. Felicitas amesinzia. Nimekunja leso ya marehemu mara mbili.
Mara nne ni bora.