Sarafu ya Mtemi wa Kijerumani

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Tandale.

Leo nimeula. Jirani yangu Albano alikuwa na sarafu ya Mjerumani, ndogo kama kifungo cha shati, nyeupe. Anasema iliokotwa kwenye msingi wa nyumba kule Mabibo. Nimempa cherehani ya mke wangu, Genoveva, kanipa sarafu. Mwenyewe yuko Bukoba msibani, anarudi Alhamisi. Mpaka hapo nitakuwa nimeuza, nimemnunulia cherehani mbili za umeme. Albano alicheka mpaka akakohoa. Hajui alichokiachia, masikini.

Jumanne, 12 Agosti.

Nimeikagua juani. Upande mmoja mzee wa porini, mandevu, kavaa majani, ameshika mti uliong'olewa na mizizi yake. Ramani hiyo! Mjerumani alizika mali palipong'olewa mti. Upande wa pili mwaka: 1621. Kumbe alifika kwetu zamani hivyo. Shuleni walitudanganya.

Nimeisugua kwa ndimu na jivu nione njia vizuri. Weupe ukatoka, ikawa nyekundu. Ndani dhahabu tupu. Nikamwonyesha Albano kwa mbali, asije akataka nyongeza. Akasema niendelee kusugua.

Jumatano, 13 Agosti.

Kinondoni, kwa Mzee Huzefa, sonara anayekusanya sarafu za kale. Nikampa shikamoo yake, nikampa sarafu. Akauliza kama nimeisugua mwenyewe. Nikasema ndiyo, kwa kujidai. Akavua miwani.

Akanieleza taratibu. Haihusiani na mkoloni wa huku. Ni ya mtemi mmoja wa hukohuko Ujerumani. Walikuwa wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo na sarafu zake. Mzee wa porini ni nembo tu. Vita vilipoanza, watemi wakataka pesa ya haraka: wakapiga sarafu za shaba, wakazipaka fedha kidogo juu, wakawalipa watu nazo. Weupe ulipochujuka, wauza mikate wakazikataa. Akasema kabla sijaisugua ingenipatia cherehani kuukuu. Sasa hapana.

Nimerudi kwa miguu, nawaza. Pengine kulikuwa na mama aliyefua nguo za watu wiki nzima, akalipwa hii. Akaenda kununua mkate, wakamcheka. Nimemhurumia kwelikweli. Genoveva naye anashona sare za shule mpaka mgongo unamuuma. Karne nne sarafu hii inazunguka kutafuta mjinga wa mwisho, ikafika Tandale. Nimeona aibu.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nimempokea Genoveva stendi ya Mbezi. Nyumbani akakuta meza ya kushonea tupu. Nikamweleza yote, mtemi, vita, wauza mikate. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akauliza cherehani iko kwa nani. Hakupandisha sauti. Akabeba redio yangu na spika zake kwenda kwa Albano, akarudi na cherehani kichwani. Tangu mchana anashona, hanisemeshi.

Nimetafakari kuliko siku zote za maisha yangu. Kosa langu nimeliona. Mie nilikaa upande wa yule mama, wakati mtemi hakulala na njaa hata siku moja.

Gereji ya mtaani wanatupa washa za shaba, vile visahani vya kubana chini ya nati. Kesho naenda kuziokota, halafu natafuta rangi ya fedha. Wa kwanza kuuziwa ni Albano. Zina tundu katikati, lakini hilo ni jambo dogo.