Kibali Kinaisha Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku kumi na moja. Mkataba wangu wa kufundisha hisabati unaisha Ijumaa ya wiki ijayo, na kibali cha kazi kinaisha siku hiyohiyo, ofisi za uhamiaji zikifungwa saa kumi. Baada ya hapo mimi si mwalimu tena katika nchi hii ya watu. Ni mgeni aliyesahau kwenda kwao.

Mama kapiga simu. Mjomba ananisubiri nyumbani kwa hamu. Ana kuku mia nne na anatafuta msimamizi. Mia nne! Mimi nilifukuzwa na jogoo mmoja nikiwa na miaka saba, nikapanda juu ya paa na kushushwa na majirani. Nimemwambia Mama asiwe na wasiwasi, mambo yangu yameiva. Hayajaiva. Hata jikoni hayajaingia.

Mtu wa kawaida angemwendea mwalimu mkuu akamwomba aongezewe mkataba. Mimi siombi. Mwezi wa nne nilimdokeza mama huyo kwamba kuna shule kubwa, nchi ya jirani, inanililia niende kwao. Shule hiyo haipo. Nilitaka aingiwe na hofu ya kunikosa, aje kunishika miguu. Mpaka leo hajanishika hata kidole. Anajikaza tu. Nami najikaza. Tuone nani atachoka kwanza.

Katibu wa shule kanikuta kwenye korido, kanikumbusha kwamba kisanduku changu cha barua kimejaa. Nikacheka moyoni. Kila mwalimu ana kisanduku chake cha mbao ukutani mwa ofisi ya walimu, na mwalimu mwenye akili anajua kinachowekwa humo: karatasi za zamu ya lango. Ukiichukua karatasi, umeikubali zamu. Usipoichukua, hujaiona, na asiyeona hana kosa. Sijatia mkono humo tangu Machi. Sijasimama langoni tangu Machi. Watu wasome!

Jumanne, 4 Juni

Siku mbaya. Bwana Faili kaongezewa miaka miwili.

Huyu ni mwalimu wa jiografia, mgeni kama mimi, tulifika wiki moja. Ana faili lenye karatasi za rangi za kutenganisha mambo. Nakala za pasipoti tatu. Fomu za akiba. Kalamu mbili, moja ikikauka. Kaniuliza kwa upole kama nami nimeshapeleka maombi yangu. Nikamwambia suala langu linashughulikiwa huko juu. Akatazama juu. Kulikuwa na feni tu.

Nimepata mpango. Nitajigeuza nguzo. Hakuna mwenye nyumba anayebomoa nguzo yake mwenyewe. Nimejitolea kutengeneza ratiba ya mitihani, nami nitaiandika kwa alama zangu za siri: nyota, pembetatu, nukta. Shule nzima haitaweza kufanya mtihani bila mimi kuwepo kuisoma. Nimebandika ratiba saa nane mchana. Watu wakaizunguka kimya. Kimya cha heshima.

Alhamisi, 6 Juni

Mtihani wa kwanza ulianza leo saa mbili. Madarasa matatu yaliingia chumba kimoja. Mwalimu wa muziki alijikuta anasimamia kemia, na darasa lililotakiwa kufanya kemia lilikuwa uwanjani linanyoosha viungo. Wote wakaja kwangu. Ndiyo saa niliyoisubiri! Nikaisogelea ratiba, nikaitazama. Nyota ni chumba au ni somo? Pembetatu je? Nikasema inategemea.

Bwana Faili akatoa karatasi safi, akapanga ratiba mpya kwa dakika arobaini. Imenyooka. Ina hata kivuli cha rangi kwa mapumziko. Walimu wakampigia makofi. Nami nikapiga, ili nisijulikane.

Ijumaa, 7 Juni

Mama kapiga tena. Mjomba kaninunulia buti za kuingilia bandani. Kapatia namba ya mguu wangu kabisa. Nimeshika tama asubuhi nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa pili: ugonjwa. Mgonjwa hasafirishwi. Nimekwenda zahanati kuomba barua kwamba hali yangu hairuhusu safari.

Daktari kanipima kifua, kasema mapafu safi. Kanipima moyo, kausifia. Nikasema tatizo ni mgongo, siwezi kabisa kuinama, hata viatu navalishwa. Akaandika, akaandika, kalamu ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Nikaiokota nikampa. Malezi bora yamewaponza wengi.

Barua kaniandikia kweli. Inasema mwenye barua hii ni mzima wa afya na anaweza kusafiri kwa chombo chochote, hata kwa miguu. Na muhuri juu.

Jumatatu, 10 Juni

Zimebaki siku nne. Nimekwenda uhamiaji mwenyewe. Nikachukua namba: mia na kumi na mbili. Walikuwa wanaita thelathini na tisa. Nikakaa kati ya bibi harusi mtarajiwa na fundi bomba aliyelala mdomo wazi, mpaka makalio yakafa ganzi.

Karani wa dirisha la tatu ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba. Nikaanza kwa kumvisha kilemba cha ukoka. Nikamsifia mwandiko wake. Akaniambia hajaandika kitu tangu asubuhi, anagonga mihuri tu. Nikasifia mihuri.

Akasema kuongeza kibali ni jambo jepesi. Fomu moja, nakala ya pasipoti, picha mbili, mkataba mpya na barua ya mwajiri. Vyote vifike kabla ya saa kumi siku ya Ijumaa, vikipita hapo nifungashe. Akaniuliza kama nimemwomba mwajiri wangu. Nikamweleza kwa kirefu kwa nini siombi, habari ya shule inayonililia, hofu, miguu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama upya. Nadhani nilimvutia.

Jumanne, 11 Juni

Ushindi umekaribia! Mwalimu mkuu kaniita mwenyewe ofisini. Nikavaa tai. Nikaingia polepole, kama mtu mwenye shule mbili mkononi.

Kanikaribisha kiti. Kanyoosha nyoosha vitu mezani. Kisha akaniuliza kama niliiona ile barua aliyoiweka kwenye kisanduku changu, maana leo ndiyo siku ya mwisho ya kuijibu. Yaani mpaka mwalimu mkuu katumwa kunishikisha zamu ya lango! Lakini mimi si wa kunaswa kirahisi hivyo. Nikamwambia nimeiona sana, nimeitafakari, na kwa heshima zote jibu langu ni hapana.

Akasema amesikitika lakini amenielewa, na kwamba huko niendako wamepata mtu. Sikuona uhusiano wa lango na niendako, ila sikuuliza. Mwanamume hulinda msimamo wake. Kwenye korido nikakumbuka kwamba habari ya mkataba hakuigusa hata kidogo. Anajikaza bado. Chuma, yule mama.

Mchana katibu kabandika tangazo: Alhamisi, chai ya kumuaga mwalimu wa hisabati. Nikalisoma mara tatu. Mwalimu wa hisabati ni mimi.

Jumatano, 12 Juni

Leo sina mpango wowote.

Nimefundisha kidato cha pili B, labda mara ya mwisho. Hawa nilipowakuta walikuwa wakiona hesabu za sehemu wanajificha chini ya madawati. Msichana anayekaa dirishani alikuwa akilia kabisa. Nikiandika robo tu ubaoni, machozi. Mwaka mzima nimekata nao karatasi, kamba, mikate. Leo mwenzake alikwama, na kabla sijafungua mdomo msichana wa dirishani akainuka, akachukua chaki mkononi mwangu, akamwelekeza hatua kwa hatua mpaka yule akapata. Kisha akanirudishia chaki, akakaa, akaangalia nje kama hakuna lililotokea.

Mwakani wana mtihani wa taifa. Sitakuwepo.

Sitaki kuondoka. Si kwa sababu ya kuku. Basi, nimeandika. Shajara hii haisomwi na mtu.

Alhamisi, 13 Juni

Chai ya kuniaga. Keki kubwa, imeandikwa Safari Njema kwa sukari ya buluu. Bwana Faili kanipa zawadi. Faili. Tupu, lenye karatasi za kutenganisha.

Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Nikavumilia hotuba ya mwalimu wa muziki, nikavumilia na wimbo wake. Kisha kidato cha pili B wakaleta kadi. Ndani wameandika kwamba nusu yao inanishukuru, theluthi inalia, na sehemu iliyobaki nikokotoe mwenyewe. Nikakokotoa. Moja ya sita. Sahihi! Hapo nikaangua kilio mbele ya watu wazima.

Mwalimu mkuu akanipa leso, akasema nisilie, shule yangu mpya inanisubiri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikasema yote. Shule mpya haipo. Haijawahi kuwepo. Kinachonisubiri ni kuku mia nne na buti. Nikasema nataka kubaki, naomba kubaki, nilikuwa nangoja aniombe yeye.

Mwalimu mkuu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani, sasa kwa nini juzi nilikataa barua yake ya kuniongezea mkataba.

Barua gani?

Tukaandamana mpaka ofisi ya walimu. Katibu, mwalimu mkuu, Bwana Faili, mwalimu wa muziki na gitaa lake. Nikatia mkono kisandukuni. Karatasi za zamu ya lango zilikuwa kumi na moja. Kumbe nilikuwa sahihi! Katikati yake, bahasha nyeupe ya wiki sita zilizopita: mkataba mpya wa mwaka mmoja, barua ya kwenda uhamiaji na kikaratasi cha mkono kinachosema kidato cha pili B wanakuhitaji, tafadhali usiende kwa wale wengine.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama. Mwalimu mkuu akasema tarehe ya kujibu ilikuwa jana, zimepita siku mbili. Nikamwambia, kwa heshima, siku mbili nyuma ni juzi, si jana. Akasema huyu kweli ndiye mwalimu wangu wa hisabati, nipeni kalamu nimsahihishie tarehe.

Ijumaa, 14 Juni

Siku yenyewe. Fomu sina, Bwana Faili anazo za akiba. Nakala ya pasipoti sina. Alishanitolea asubuhi, kaiweka nyuma ya karatasi ya kijani. Akafuatana nami mpaka uhamiaji. Picha tulipiga kwenye kibanda cha nje. Macho yangu yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekatia vitunguu harusi nzima.

Namba mia na arobaini. Saa nane, wanaita mia na tano. Saa tisa, mia na ishirini. Saa tisa na nusu mashine ya namba ikaganda, nami nikaganda nayo. Saa kumi kasoro dakika saba wakaita namba yangu. Dirisha la tatu!

Karani akaitazama picha, akaniuliza kama nimefiwa. Akapanga karatasi, akahesabu, akaniuliza kama hatimaye nilimwomba mwajiri wangu. Nikasema nimeomba. Akanyanyua muhuri. Nikafumba macho. Ukagonga. Sijasikia ngoma tamu kama ile. Mwaka mzima!

Akaendelea kunieleza mambo mengine: hii ni stakabadhi ya muda tu, kadi yenyewe italetwa shuleni wiki ijayo, sijui nisaini ndani ya siku ngapi la sivyo kibali kinafutwa. Sikusikiliza sana. Nilikuwa namkumbatia fundi bomba wa ile Jumatatu, ambaye alikuwa bado yupo.

Njiani nikamwambia Bwana Faili akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akasema zile zamu kumi na moja za lango alizisimamia yeye, mvua na jua, na kwamba zamu ijayo, Jumatatu ya tarehe ishirini na nne, ni yangu. Nikamwapia kwa mkono juu ya faili.

Jumatatu, 24 Juni

Asubuhi safi. Mama kafurahi mpaka kalia. Mjomba kampa binamu yangu buti, zinambana, ashukuru hivyohivyo. Kidato cha pili B wameanza asilimia. Walimu wamenisamehe ratiba. Kila aliyeniuliza nimemweleza kwamba uhamiaji wenyewe ndio walionisihi nibaki.

Saa moja na nusu katibu kanifuata mbio kwenye korido. Kanambia kuna bahasha ya kahawia kwenye kisanduku changu, imegongwa muhuri, imeletwa na tarishi tangu Jumatatu iliyopita, nikaichukue na kuisaini leo hii kabla siku hazijapita. Kaapa kwamba ni muhimu sana. Macho makavu!

Kwani leo ni tarehe ngapi? Ishirini na nne. Zamu ya lango! Safari hii wameibandika hadi muhuri. Nikainama kufunga kamba za viatu mpaka alipochoka kunisubiri, kisha nikatokea mlango wa maktaba. Mwaka mzima niko hapa, na mkono wangu kisandukuni hauingii tena.