Mjane wa Mzee Radi

Mtu aliyeitwa Asali hakuwa na kazi, ila alikuwa na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya duka la shemeji yake, fundi wa redio na pasi, na Asali alikikalia tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, akidai kwamba anamsaidia ndugu wa mkewe. Msaada wenyewe ulikuwa kuzungumza na wateja wakati fundi anafanya kazi, na mara mojamoja kuwauzia vitu ambavyo fundi hajawahi kuviona. Mdomo wake ndio uliompa jina. Waliompa jina hilo walikuwa bado hawajamkopesha.

Asubuhi moja akaingia daktari wa meno mwenye kliniki mtaa wa pili, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka kama mtoto mwenye homa. Akakilaza juu ya meza, akafunua. Lilikuwa gitaa la umeme, la zamani kuliko kila aliyekuwamo dukani, wekundu wake umepauka ukawa kama fizi za mgonjwa.

"Halina pikapu moja," daktari akasema.

Asali akainua kichwa. "Ya tani ngapi?"

Daktari akamtazama kama anavyotazama jino lililooza. "Si gari, bwana. Pikapu ya gitaa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya, inakaa hapa chini ya nyuzi, inadaka sauti. Halafu kimepotea kitufe cha kuongezea sauti, na kigingi kimoja cha kukazia uzi."

Fundi akachungulia lile tundu, akaligonga kwa kucha. "Nitakuzungushia nyingine. Waya ninao, sumaku ninazo."

"Sitaki ya kuzungushiwa! Nataka halisi. Ya kiwanda kilekile, ya miaka ileile. Nina mnunuzi wa nje. Likiwa kamili analichukua kwa bei ya nyumba. Akikuta kipuri cha kubandika, ataniambia nikalipasue kuni."

Jinsi gitaa lilivyomfikia, daktari hakueleza, lakini mtaa ulijua. Mwenye gitaa alikuwa mpiga muziki mstaafu aliyekosa pesa ya meno ya bandia. Daktari ni mtu wa huruma: alichukua gitaa, akampa mzee meno ya chini. Ya juu, alimwambia, yatategemea mzee ataleta nini kingine.

Basi neno "halisi" lilimwingia Asali masikioni likamtekenya mpaka nyayo. Alijua jambo moja ambalo shule hazifundishi: anayelilia kitu halisi mara nyingi hajui kinafananaje. Angejua, asingeuliza dukani, angekitafuta mwenyewe. Asali akasimama, akavua kofia, akaishika kifuani.

"Daktari," akasema kwa sauti ya msibani, "wewe umewahi kumsikia Mzee Radi?"

"Nani?"

"Ah." Asali akafumba macho. "Wamesahaulika hivyo. Mzee Radi, mpiga gitaa. Alikuwa na gitaa pacha wa hili. Pacha kabisa, tumbo moja. Amefariki mwaka jana, kifua. Mjane wake analo mpaka leo, kalitundika juu ya kitanda, hataki mtu aliguse."

Fundi aliacha kazi, akamtazama shemeji yake kwa mshangao wa mtu anayeona ng'ombe akipanda ngazi. Asali akamkanyaga mguu.

"Kwa nini asiliuze?" daktari akauliza, na mate yalikuwa yameshamjaa.

"Kuliuza? Yule mama ukimtajia bei anazirai. Ila mimi ananiita mwanangu. Marehemu ndiye aliyenifunza maisha. Nikimbembeleza, pengine atanifungulia kipande kimoja kimoja. Lakini utanisamehe, Daktari, moyo wangu utauma."

Daktari alikuwa na dawa ya moyo unaouma. Aliitoa mfukoni, akaihesabu mara mbili, akampa.

Alipotoka, fundi akasema, "Shemeji, huyo Mzee Radi kafa lini?"

"Sasa hivi hapa. Na mazishi yake utayagharimia wewe. Toa ile feni mbovu, nataka waya."

Haki ya mtu apewe: fundi alipinga. Alipinga kwa dakika nzima, mpaka alipoambiwa mgawo wake. Hapo akakumbuka kuwa elimu haina mwisho. Waya akautoa kwenye moyo wa feni, sumaku akazichomoa kwenye spika ya redio iliyosahauliwa na mwenyewe, akakaa anazungusha, uzi mwembamba kama unywele, kichwa kimeinama, ulimi umetoka kidogo pembeni. Kitufe walikata kwenye mpini wa mfuniko wa sufuria. Kigingi kilitokana na kitasa cha kabati la mke wa Asali, ambaye mpaka leo anawalaumu panya.

Kazi ya Asali ilikuwa kuvizeesha. Alivichemsha kwenye majani ya chai, akavisugua kwa jivu, akavipuliza moshi wa sigara, kisha akavizika ndani ya banda la kuku la jirani. Vilipotoka huko vilikuwa vimezeeka kuliko daktari mwenyewe, na vilinuka historia.

Alipeleka kitufe kwanza. Mtu wa kawaida angebisha hodi, akabidhi, aondoke. Asali alisubiri mpaka chumba cha wagonjwa kijae, mashavu yamevimba kila benchi, ndipo akamwita daktari nje na kuanza.

"Nimemkuta mama kajifunika kanga usoni," akasema, akihakikisha mabenchi yote yanasikia. "Kaniambia, mwanangu, kitufe hiki marehemu alikuwa anakizungusha kwa kidole cha mwisho, kile kilichokatika. Ukikichukua umechukua kidole chake. Nikalia, Daktari. Tulilia wote wawili, na paka."

Mzee mmoja kwenye benchi akapangusa macho. Mama mmoja wa makamo, kajifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini kwa maumivu ya jino, aliacha hata kuugulia, akasikiliza kwa makini ya mwanafunzi mwema.

Kigingi kilipokwenda, Asali akaongeza jinsi Mzee Radi alivyokuwa akila: taratibu, kwa mkono wa kushoto. Pikapu ilipokwenda, mbele ya mabenchi yaleyale, akamalizia na kifo chenyewe, pamoja na maneno ya mwisho. Marehemu alisema, "Msilinyamazishe," akakata roho. Hata Asali alishangaa maneno hayo yalitoka wapi. Yalikuwa mazuri kupita kiasi, na aliongeza bei palepale.

Tatizo lilikuwa kwamba ile pikapu ililia. Fundi alipoifunga na kuunganisha gitaa na spika, daktari akapitisha kidole juu ya nyuzi, na sauti iliyotoka ikawafanya watu mtaani wasimame. Ilikuwa tamu, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu anayecheka huku amechoka. Fundi akageuka dirishani ili asionekane anavyojisikia.

"Halisi!" daktari akapiga kelele. "Masikio yangu hayadanganyiki!" Halafu akamvuta Asali pembeni. "Nipeleke kwa huyo mama. Nataka pacha lote."

"Yuko edani, hapokei wanaume."

"Mwaka mzima?"

"Alimpenda sana."

Daktari hakuwa mjinga kwa kila jambo. Aliona kwamba akimpata mjane mwenyewe hatahitaji tena kumlisha mtu wa katikati. Akaanza kuulizia mitaani. Na Asali akaanza kufikiri namna ya kumuua mjane naye, kwa ugonjwa wa haraka usio na gharama.

Akachelewa. Alipokwenda kliniki kuchukua malipo ya mwisho, mlango ulifunguka, akaingia mama mmoja ndani ya gauni jeusi, miwani myeusi, na mtandio mweusi, anatembea kama mtu aliyebeba jeneza peke yake. Akasimama katikati ya wagonjwa.

"Nani kati yenu," akauliza, "anamuuza mume wangu vipande vipande?"

 Mashine ya kuchonga meno kule ndani ilizimwa.

Daktari alitoka mbio, koleo mkononi. "Wewe ndiye mjane wa Mzee Radi?"

"Ndimi niliyebaki wake." Akaugusa moyo. "Nimekuja kukisikia kidole chake cha mwisho. Kile kilichokatika."

Asali alimwangalia. Sura ile aliijua. Ukiivua miwani, ukaifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, ukaikalisha benchi la dirishani…  Alifungua mdomo aseme kwamba huyu mama ni tapeli, kwamba Mzee Radi hana mjane. Na atajuaje hilo? Kwa sababu Mzee Radi hana mjane wala uhai wala kifo. Na pikapu je? Akafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani ulikuwa mzigo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo hunikumbatii?"

Akamkumbatia. Alinuka karafuu.

"Mwanangu huyu," mama akawaambia wagonjwa, "ana moyo wa dhahabu. Pesa za vipuri zote alikataa kunipa nyumbani, akasema, mama, wezi ni wengi, nitakutunzia. Sasa mwanangu nimekuja, nikatengeneze kaburi."

Chumba kizima kikageuka kumtazama Asali. Yule mzee wa machozi alikuwa ameshaanza tena. Asali akaingiza mkono mfukoni, akatoa nusu.

"Na za kwenye soksi," mama akasema kwa upole. "Marehemu naye alikuwa na tabia hiyo."

Akavua kiatu.

"Na saa ya marehemu niliyokuazima."

"Mama, hii saa…"

"Aliivaa siku ile anasema 'msilinyamazishe'."

Akavua saa. Benchi lote likaguna kwa uchungu.

Daktari hakuwa na habari na saa. "Mama yangu, pacha liko nyumbani? Niuzie. Taja bei."

Mama akashusha pumzi. Alisema hawezi kutenganisha ndugu. Kama daktari ana nia njema, basi yeye atamwachia la marehemu kwa chochote atakachojaliwa. Sharti ni moja: mapacha yakutane kwanza pale juu ya kitanda, alipofia mzee, ayaone pamoja angalau mara moja, ndipo ayalete yote mawili.

Daktari akameza mate. Mawili! Alitaka kwenda naye, lakini ndani kulikuwa na mtu amelala mdomo wazi, ganzi inakaribia kwisha. "Nenda naye wewe," akamwambia Asali. "Usiliache gitaa litoke machoni."

Walipokata kona, mama kalikumbatia gitaa, Asali akamshika mkono. "Dada, saa yangu."

"Mara hii nimekuwa dada?" mama akacheka, na sauti ya msiba ikamdondoka kama ganda. "Umenifanyia kazi nzuri. Nimeng'olewa jino nikisikiliza mambo yako, sikusikia hata sindano."

"Gitaa hilo ni bei ya nyumba. Tuliuze, tugawane nusu kwa nusu. Daktari tutamwambia tumeibiwa njiani."

"Wewe humwogopi Mungu?" mama akauliza.

"Namwogopa. Ndiyo maana nasema nusu."

Mama akafikiri, akakubali. Ila hawezi kutembea mjini na gauni la msiba, kila mtu atamkumbuka. Akaonyesha saluni ya wanawake, mlangoni pameandikwa kwa rangi: WANAUME MWISHO HAPA. "Naingia kubadili nguo. Shika mkoba wangu uwe dhamana."

Asali akaushika mkoba mzito huku akijipongeza. Alisimama pale jua likamhama upande mmoja wa uso kwenda mwingine. Wanawake waliingia na vichwa vya kila aina wakatoka na vingine. Mwishowe akachungulia, akafukuzwa kwa kitana, lakini alikuwa ameshauona mlango wa nyuma, uko wazi, pazia linapepea. Mkoba alioufungua kwa hasira ulikuwa na nusu tofali na jino moja la mwisho lililofungwa kwenye pamba.

Hapo ndipo Asali alipofanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alirudi kliniki mbio akasema ukweli.

Aliusema wote, mbele ya mabenchi yote. Kwamba mama yule ni tapeli, amekimbia na gitaa. Kwamba Mzee Radi hakuwahi kuwepo, pikapu ni feni, kigingi ni kitasa, na historia yote ilitoka kwenye banda la kuku.

Daktari alimsikiliza mikono kiunoni. "Umemaliza? Mama kashapiga simu, imepita saa nzima sasa. Kaniambia ulivyomshawishi njiani aniibie mgawane nusu kwa nusu. Mama wa watu imebidi akukimbie kupitia saluni, na mapacha kasema ataniletea mwenyewe."

"Daktari, hakuna Mzee Radi!"

"Mtovu wa adabu!" Yule mzee wa machozi akainuka, fimbo juu. "Radi nilicheza naye mpira! Mkono wa kushoto, sawasawa. Leo mwanawe wa kulea anamkana?"

"Alipiga kwenye harusi yetu," mke wa mtu akasema kutoka benchi la nyuma. "Kidole kilikuwa bado hakijakatika."

"Mimi mwenyewe nilimsikia nikiwa kijana," daktari akasema, na macho yake yalikuwa na unyevu wa kweli. "Sauti ileile. Nilipoigusa ile pikapu niliijua."

Asali akawaangalia mmoja mmoja, akitafuta hata mmoja wa kumkonyeza. Hakuna. Wakamsukuma mpaka nje, mtu mmoja akamtupia kofia yake. Kwa muda akabaki amesimama barabarani, mkoba wa tofali begani, akisikia ndani mashine ya kutoboa ikinguruma. Akadhani ni jino la mtu. Alipochungulia dirishani akamwona daktari amepanda juu ya stuli, vumbi la saruji kichwani, anatoboa ukuta wa mapokezi sehemu mbili, na wagonjwa wote wanamwelekeza: juu kidogo, Daktari, kushoto kidogo, yasije yakagongana.