Kituo cha Kusoma cha Mtakatifu Eadwold

(Ukumbi wa Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Eadwold, mjini Aldersby, kaskazini mwa Uingereza, jioni ya Oktoba yenye mvua. Shule ni ya serikali, lakini iko chini ya malezi ya Kanisa la Anglikana. Wazazi wenye watoto wanaomaliza shule ya msingi wamekuja kuipima kabla ya kuomba nafasi. Anasimama Bwana Peregrine Gawthrop, mwenyekiti wa bodi ya shule, anagonga kipaza sauti na kukohoa ndani yake.)

Baba Askofu, uliyetuma udhuru kwa mara nyingine. Mheshimiwa Meya, ambaye kiti chako tumekiweka na wewe mwenyewe tunakuona kwa macho ya imani. Mpendwa wetu Kasisi Lionel Tibbs, mlezi wa roho zetu na mtia saini wa fomu zetu. Waheshimiwa wajumbe wa bodi, wajumbe wa kamati ya bodi, na wajumbe wa kamati ndogo inayoiangalia kamati ya bodi. Mwalimu Mkuu, Bi Nerys Probert, ambaye namwomba aendelee kukaa. Wazazi wa sasa, wazazi watarajiwa, mababu na mabibi mliofuata biskuti. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Miavuli inachuruzika maji sakafuni.)

Kwa namna ya kipekee kabisa, na kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwakaribisha katika taasisi ambayo, tangu nilipokubali kuiongoza baada ya kuombwa sana, hasa na mimi mwenyewe, imepiga hatua za kimfumo, za kimkakati na za kiroho, kiasi kwamba leo hii mtu akisimama pale kwenye geti na kuuliza, "Hivi hii ni shule ya namna gani?", hakuna mjumbe hata mmoja wa bodi anayeweza kumjibu kwa kifupi. (Kicheko. Mwenyekiti anadhani ni cha kumpongeza, anainama.)

Ninyi mmekuja kutupima, na kupimwa hatukuogopi. Ufaulu wetu umepanda kwa asilimia mia moja na sita. (Sauti kutoka nyuma: "Ukilinganisha na nini?") Ahsante kwa swali zuri. Ukilinganisha na malengo yetu, ambayo bodi iliyashusha kwa busara kubwa mwezi Juni. Mahudhurio ni asilimia tisini na tisa kwa wale wanafunzi wanaokuja. Nidhamu ipo, simu zinafungiwa kwenye makabati, tai zinafungwa hadi kooni, na siku ya Ijumaa watoto hula samaki na viazi baada ya kumshukuru Mungu, ingawa kwa jinsi wale samaki wanavyopikwa, wapo wanaomshukuru baada ya kumaliza. (Kicheko.)

Sasa nije kwenye utaratibu wa kupata nafasi, maana naona nyuso zenu zimebadilika. Shule hii, mabibi na mabwana, iko wazi kwa watu wote, mara tu baada ya kumalizika watu wetu. Kwanza ni familia zinazohudhuria ibada, kwa ushahidi wa saini ya Kasisi. Kisha ni wanaokaa karibu, yaani wale waliojaliwa kununua nyumba katika mitaa ambayo madalali huiandika madirishani mwao, "mwendo mfupi kutoka Mtakatifu Eadwold," kana kwamba mtakatifu mwenyewe ndiye anayekuja na bei. Na napenda kutamka kwa fahari kwamba mchakato huu umefufua kanisa letu: kuanzia Septemba hadi wakati wa kupanga nafasi, mabenchi hayatoshi, watu wanasimama hadi kwenye birika la ubatizo, baba wazima wanaimba kwa nguvu wakimtazama Kasisi badala ya kitabu, halafu majibu yakishatoka mwezi Machi, hali ya hewa ya Jumapili huharibika kwa ghafla, na familia nyingi hupatwa na mafua.

(Kasisi Tibbs anaangalia viatu vyake. Bwana Desmond Afriyie, muuguzi wa hospitali ya mji, anainua mkono: "Mwenyekiti, mimi nasali hapa tangu kabla sijaoa. Mwaka jana kijana wangu mkubwa alikosa nafasi. Jirani yangu alianza kusali Agosti, akapata. Hebu nielezee, taratibu tu, mimi si mwepesi wa kuelewa.")

Bwana Afriyie, ndugu yangu, wewe ni nguzo ya kanisa, na nguzo, kitaalamu, haisogezwi. Wewe na jirani yako mko sawa kwa saini, lakini wewe unakaa ng'ambo ya mto, na upembuzi yakinifu ulibaini kwamba mto ni mpana. ("Mto una daraja, bwana!") Daraja limo katika awamu ya pili ya majadiliano. (Kelele. Mtu anasema, "Mpe maji anywe, anaweweseka huyo.")

Tuendelee. Yapo maneno ya mtaani kuhusu wakaguzi wa serikali. Ni kweli walikuja. Ni kweli waliandika kwamba watoto wanaosoma kwa shida hawapati msaada wa kutosha. Lakini neno "kutosha," wadau wenzangu, ni neno pana, nani katika dunia hii ana cha kutosha? Hata hivyo, mimi si kiongozi wa kulalamika. Siku ileile niliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikazaa mpango mkakati shirikishi, na mpango mkakati ukazaa kile mnachokiona kwenye jalada la kijitabu mlichopewa mlangoni: Kituo cha Kusoma cha Mtakatifu Eadwold! Tazameni wenyewe. Taa za upole. Mazulia. Makochi ya rangi ya samli. Watoto wetu, wenye sare zetu, wamezama katika vitabu kama samaki majini. Tija ya kituo hiki haina mfano, na viashiria vyote vya utendaji vinaonyesha mshale unaopanda. (Makofi, safari hii ya kweli. Wazazi wanafunua vijitabu.)

(Mwanamke wa mstari wa tatu anasimama. Koti lake lina unga kwenye mikono. Ni Bi Janine Oldroyd wa bekari ya barabara ya stesheni. "Mwenyekiti, hicho kituo kiko wapi? Nimezungushwa shule nzima jioni hii, sijakiona.")

Mama, kituo kimejengwa kwa falsafa ya kutojionyesha.

("Sawa. Kiko upande gani wa uwanja?")

Kwa sasa kipo katika kipindi cha maboresho, na masuala ya usalama hayaruhusu wageni kuingia.

("Sitaki kuingia, nataka kukichungulia tu. Nisikilize, mzee. Binti yangu Poppy ana miaka kumi. Akisoma, anashika kidole changu na kukivuta chini ya mstari, neno kwa neno. Nikitoa kidole, anapotea. Mwalimu wake wa shule ya msingi anajua, anakaa naye. Ile shule nyingine ya kule kilimani wameniambia bila kunificha: sisi tuna mwalimu mmoja tu wa mambo hayo, na amejaa. Nikasema haya, nitampeleka kwa Mtakatifu Eadwold, kuna kituo. Mwaka mzima natoka zamu ya bekari Jumapili, sijalala, nakuja kukaa kwenye benchi la kanisa. Muulize Kasisi.")

(Kasisi Tibbs: "Anakuja kweli. Hukoroma kidogo wakati wa mahubiri, lakini anakuja." Kicheko. Bi Janine hacheki.)

Mama Poppy, nimekusikia, na maneno yako yamenigusa hadi kwenye ngazi ya sera. Nakuhakikishia kwamba mwanao yumo katika mawazo ya taasisi hii kama mlengwa mkuu wa huduma jumuishi.

("Nimeuliza kiko wapi.")

(Bi Nerys Probert, Mwalimu Mkuu, anainuka. "Mwenyekiti, naomba nilijibu hili mimi.")

Mwalimu Mkuu, ratiba hairuhusu. ("Ni dakika moja.") Mwalimu Mkuu, tulikubaliana! (Bwana Afriyie: "Mwache mwalimu aseme!" Ukumbi mzima: "Mwache aseme!" Bi Nerys amebaki amesimama, mkono mmoja juu ya kiti.)

Mabibi na mabwana, utulivu, utulivu tafadhali, tuko chini ya msalaba. Naona kwamba hamasa yenu imefikia kiwango cha kuridhisha, kwa hiyo nihitimishe. Itikieni pamoja nami: Eadwold, juu! (Mtu mmoja: "Juu." Ni mke wa mwenyekiti.) Imani, nidhamu, makochi! Nitamke tena: imani, nidhamu, matokeo! Kila mtoto kitabu, kila kitabu mtoto! Aldersby inasoma! (Mtu wa nyuma: "Wapi?")

Mwisho kabisa, sitakuwa muungwana nikiondoka bila kutoa shukrani, maana jambo kubwa kama hili halifanywi na mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi. Naishukuru kamati ndogo, ambayo ilikaa mara nyingi na kukubaliana jina la kituo. Namshukuru Baba Askofu, aliyekibariki kijitabu kwa njia ya posta. Namshukuru fundi wetu wa picha, kijana hodari sana. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ndugu zetu wa duka la samani la pale sokoni, ambao, kabla hawajafunga jioni ile, walituruhusu tuwaketishe watoto kwenye makochi yao, tukawasha taa zao, tukatandika mazulia yao, tukapiga picha zetu, na watoto wakainuka bila kuacha doa hata moja, jambo linalothibitisha malezi ya…

(Mvua inasikika juu ya paa.)

(Bi Janine, kwa sauti ya chini: "Mlipiga picha dukani.")

Mama, duka ni la kweli. Makochi yale ni ya kweli kabisa.

("Na kituo?")

Kituo kama dhana, Mama Poppy, hakina mpinzani. Kama eneo, tumeshalitambua, ni pale ninapoegesha gari. Kama jengo… jengo ni hatua ya mwisho katika mchakato wowote wa ujenzi.

(Ukumbi unalipuka. Kijitabu kinaruka na kuangukia meza ya chai. Bwana Afriyie anasema, "Na kuimba kote kule!" Bi Nerys Probert anatembea hadi jukwaani, hagusi kipaza sauti, anamtazama Bi Janine peke yake.)

("Mama, kituo hakipo wala hakijawahi kuwepo. Nilipaswa kuwaambia ninyi wazazi hili kabla vijitabu havijachapwa. Nilisema kwenye kikao cha bodi tu, nikaambiwa ninavunja watu moyo, nikanyamaza. Tulicho nacho ni Bi Harpreet Sagoo, yule pale karibu na mlango. Anasoma na watoto wanane kwenye meza za chakula, vyombo vikishaondolewa. Kuna kelele na kunanuka kabichi. Wawili kati yao walikuja hawajui kusoma ukurasa mmoja, sasa wanasoma. Wengine bado. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Njoo Jumanne na Poppy, akae mezani, halafu uamue mwenyewe, hapa au kilimani.")

(Bi Janine anamgeukia Bi Harpreet. "Anaruhusiwa kushika kidole cha mtu?" Bi Harpreet anainua mkono wake, anakunja vidole vyote, anabakiza kimoja. "Hiki kina wino, lakini kinafaa.")

(Bi Janine anafunga vifungo vya koti. "Jumanne," anasema. "Lakini Jumapili hii nalala, Kasisi, nakwambia kabisa." Kasisi Tibbs: "Lala, mama. Mungu anakufahamu." Mtu mmoja anaanza kupiga makofi, kisha mstari wa tatu, kisha ukumbi wote, wamesimama, wamemgeukia Mwalimu Mkuu na mwanamke aliye karibu na mlango. Yanaendelea kwa muda mrefu.)

(Bwana Gawthrop anasogelea kipaza sauti, mkono kifuani, macho yamelowa.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Makofi haya nayapokea kwa niaba ya kituo.