Mama Mkwe Hatazamwi

Jumapili, 5 Agosti 1951. Bungoma.

Lenah ameondoka. Jana, na nguo zake na sufuria kubwa. Amerudi kwao Misikhu. Sababu ni cherehani. Aliingia chumbani kushona kola ya mtu, akakuta cherehani haipo, na mahali pake pamekaa kamera ya sinema. Nilimweleza kwa utulivu. Cherehani inatoa kaptula, kamera itatoa jina. Akauliza kama jina huvaliwa.

Nilibadilishana na Gicheru, mwenye duka pale Kiminini. Kamera iliachwa na Mzungu aliyehama shamba. Inajazwa kwa ufunguo kama saa. Gicheru alisema ni nzima, naye hajanidanganya zaidi ya mara mbili.

Na kazi hii naijua! Jeshini nilikuwa mwendeshaji wa mashine ya sinema. Miaka mitatu Burma, nikiwachekesha askari. Leo napima magunia ya mahindi ghalani. Mtu anasema Wepukhulu, ongeza gunia. Aibu gani hii.

Basi Bwana Ustawi, yule afisa wa ustawi wa jamii wilayani, ametangaza: wenyeji wenye kamera walete sinema fupi. Zitaonyeshwa kwanza Mabanga, kisha Kitale, mwisho wa Oktoba, kwa mashindano. Ninaowajua wenye kamera ni wawili. Mimi na mwalimu Eliakim. Eliakim! Alinishinda mbio shuleni, akanishinda hesabu, akanishinda kwaya. Safari hii ng'o.

Nikishinda, Lenah ataona na kurudi. Nikishindwa, sina mke wala cherehani. Ndiyo hali yenyewe, nimeiandika ili nisijidanganye.

Jumanne, 7 Agosti.

Nimewaza nipige picha ya nini. Eliakim anapiga picha ya mtaro wa kuzuia udongo. Dakika nne za mtaro! Mimi nataka watu wacheke.

Nikakumbuka Misikhu, mchana wa mvua, mimi wa miaka tisa. Watoto wote wa jirani tulikuwa tukikimbilia kwa Nakhungu. Alikuwa kijana bado, mtoto mgongoni. Alitengeneza vidoli vya maganda ya mahindi, akavipitisha kwenye uzi, akaufunga uzi kwenye vidole gumba vya miguu, mguu huu na huu. Akitikisa miguu, vidoli vinacheza. Kulikuwa na bibi harusi aliyekataa kutembea. Kila hatua mbili anaketi chini. Wifi yake anamsukuma kwa nyuma. Nakhungu anaimba, sisi tunaanguka kwa kicheko, mvua inapiga nje. Sijacheka vile tena. Hata Burma, na sinema zote zile za Wazungu wanaoanguka majini.

Shida ni moja. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa Lenah.

Nakhungu ni mama mkwe wangu. Na kwetu mama mkwe hatazamwi. Miaka kumi na moja sijauona uso wake. Akitokea njiani naingia mahindini. Nikitokea mimi, anajifunika leso na kugeukia ua. Heshima ni heshima, sibishi. Lakini siku ya posa hakuna aliyeniambia kwamba nabadilisha vidoli kwa mke. Ningeambiwa, ningeoa tu. Ila ningeomba mchana mmoja wa mwisho.

Alasiri nikaenda kwa mzee Khaemba, mjomba wake Lenah, kuuliza sheria. Nikamwambia kamera si jicho, ni chuma na kioo. Akauliza nyuma ya kamera kuna nini. Nikasema niko mimi. Akauliza kama nina macho. Nikasema mawili. Akauliza basi nimekuja kuuliza nini. Nikanywa uji wake nikaondoka.

Jumamosi, 11 Agosti. Misikhu.

Ushindi! Kichwa hiki, jamani.

Mzee alisema nyuma ya kamera kusiwe na macho yangu. Sawa. Yatakuwa ya Lenah! Nilimtumia barua. Akajibu kwa mstari mmoja: cherehani. Nikamtumia nyingine. Nikamwambia si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mama yake, watu wa Kitale wajue kazi ya mikono yake. Hapo akalainika. Kumbe mama mwenyewe alikwisha kusikia na kukubali. Alikuwa ameuliza jambo moja tu: bibi harusi avae gauni jipya? Lenah akamjibu kwamba gauni hushonwa kwa cherehani, na cherehani imemezwa na mkwewe. Akalishona kwa mkono.

Kwa hiyo leo nilijaza kamera, nikaiweka kwenye kigoda uani, nikapima hatua mbili kwa kamba. Nikamwagiza Lenah: elekeza miguuni, miguuni tu, bonyeza, usiachie. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, uso ukutani, gunia kichwani kwa usalama zaidi. Nikasikia mlango. Nikasikia nyayo za mama mkwe. Kisha kamera ikaanza kunguruma, na watoto wa jirani wakaanza kucheka.

Nilisimama pale na gunia langu. Nilijua wanachekea wapi. Hapo anaketi. Hapo anasukumwa. Ghafla nikataka kulia, nikajiambia ni vumbi la gunia.

Lenah hakunipa chai. Lakini alisema mikono yake imechoka, na huo ni mwanzo wa mazungumzo.

Jumatatu, 8 Oktoba. Bungoma.

Mkanda umerudi! Ulikwenda kusafishwa hadi Uingereza. Miguu ya mama mkwe imefika ng'ambo kabla ya Eliakim. Nimemwambia hivyo barabarani. Alisema mtaro wake pia ulipitia huko.

Sijaufungua. Sina mashine ya kuonyeshea, na vidole vina mafuta. Tena ya nini? Niliagiza miguu, miguu imepigwa.

Ijumaa, 12 Oktoba. Mabanga.

Sijui nianzie wapi. Mungu wangu.

Gari la Ustawi lilileta jenereta na mashine. Saa nane mchana, darasani, madirisha yamezibwa kwa blanketi, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mwendeshaji wao ameshikwa na malaria, nikajitolea mimi. Nani mwingine? Kwa mbwembwe, nakiri. Nilivua koti na kukunja mikono ya shati.

Ulianza mtaro wa Eliakim. Mtaro. Jembe. Mtaro. Mtu mmoja alikoroma. Nikafurahi.

Kisha mkanda wangu. Miguu! Uzi! Bibi harusi akaketi chini, darasa zima likalipuka. Wazee walijipiga mapaja. Mama mmoja akapiga kelele kwamba mama wa kwao Kimilili alikuwa akifanya hivyo hivyo. Nilisimama pembeni ya mashine nikiwa mtu mkubwa kuliko wote Mabanga.

Halafu vidoli vikasimama. Miguu ikatoka. Lo! Nakhungu alikuwa ameinama kuchungulia ndani ya kamera, aone kinachonguruma ni nini. Na Lenah, kwa kuwa nilimwambia asiachie, hakuachia. Uso wa mama mkwe wangu ukajaa shuka lote, kutoka dari hadi sakafu. Ananitazama. Anacheka. Lile pengo la meno la siku zile liko pale pale.

Niliuona. Siwezi kuandika kwamba sikuuona.

Ningezima? Mashine ile ukiisimamisha, picha inaganda. Mama mkwe angebaki ukutani. Nikaiacha izunguke, nikajifunika koti, nikaingia chini ya meza. Nikasikia sauti ya mzee Khaemba, taratibu kabisa, akiuliza yule aliye chini ya meza ni mkwe wa nani.

Jumapili, 14 Oktoba. Bungoma.

Wazee wamekaa. Mbuzi mmoja, kwa kuona. Nakhungu amesikia, amecheka, na ametuma neno kwamba mbuzi awe mnono. Mbuzi si neno. Neno ni hukumu ya pili: Kitale niende, lakini sinema ikionyeshwa nisiwe ndani. Au nikate kile kipande cha uso, ndipo niingie.

Nimechukua mkasi. Nimeketi dirishani na mkanda. Nikagundua kwamba ili nikate lazima nitazame. Vipicha vidogo vidogo, mamia, na katika kila kimoja yuko. Nikajaribu hivyo hivyo, macho yamefumbwa, nikapapasa kwa vidole. Wapi! Nilikata kidole.

Eliakim akapita. Akasema, bana, kwa nini tusisaidiane, yeye atanikatia. Mwema sana! Angenikatia vidoli vyote akaniachia kuku wa uani. Nikakataa.

Baadaye niliwaza peke yangu. Hata kama ningempata mkataji mwaminifu, nisingetaka. Watu wa Kitale wamwone. Mwenye kazi ni yeye, si miguu yake. Mimi nitakaa nje. Miaka kumi na moja nimekaa nje, siku moja itaniua?

Jumamosi, 27 Oktoba. Kitale.

Nilikuja juu ya lori la mahindi, mkanda kifuani. Ukumbi wa Kitale ni mkubwa, una paa la mabati na msimamizi aitwaye Kimeli, mtu wa maneno machache. Nikamfundisha mashine asubuhi nzima. Yeye atazungusha ndani. Mimi nitasimama nje, dirisha la nyuma, mgongo ukutani, nikimpa amri kupitia blanketi la dirishani. Kaza! Legeza! Alisema anaweza bila mimi. Nikaendelea hata hivyo.

Kabla hawajaanza nilimwona Lenah akiingia kwa mlango wa mbele. Nyuma yake mtu aliyejifunika leso mpaka kichwani. Nikageuka kabla ya kufikiri, nusura nianguke mtaroni. Mama mkwe amekuja Kitale! Kwa hiyo hata bila hukumu ya wazee nisingeingia. Hatuwezi kukaa chini ya paa moja.

Mtaro ulipita. Kisha wa kwangu. Nikasikia kicheko cha kwanza, cha kuketi chini. Nikasikia cha pili. Nikasikia Gicheru wa Kiminini, namjua kwa kikohozi, akisema kwa sauti kwamba cucu yake, yaani nyanya yake, alikuwa na vidoli kama hivyo. Halafu kimya. Nikajua uso umefika. Nilishika ukuta.

Na katika kile kimya mtu akaanza kuimba. Ule wimbo. Picha yangu ni bubu, haina sauti hata kidogo, naye alikuwa ameketi gizani akiimbia miguu yake mwenyewe. Sauti imekuwa nzito kidogo. Lakini ni ile. Nilisimama nyuma ya ukumbi wa Kitale, mtu mzima, karani wa mizani, mwanajeshi wa zamani, machozi yananitoka mpaka kwenye kola. Wala hapakuwa na vumbi.

Wa kwanza: Eliakim, kwa mtaro. Bwana Ustawi alisema una mafunzo. Amepewa jembe jipya. Wa pili: mimi. Karatasi yenye muhuri. Jina limeandikwa Wepukulu. Haidhuru.

Jumatatu, 29 Oktoba. Bungoma.

Lenah amerudi! Na sufuria. Na cherehani!

Ni Gicheru. Aliwafuata Lenah na mama yake mlangoni mwa ukumbi juzi akawaambia kwamba kamera iliyoshika nafasi ya pili Kitale si kamera ya jana, ana mteja tayari. Akiipata, cherehani irudi. Lenah alikubali kwa niaba yangu. Hakuniuliza. Sikulalamika.

Alisema hakurudi kwa ajili ya karatasi. Alirudi kwa sababu mama yake, njiani kutoka Kitale, alicheka peke yake mpaka Kiminini, na hajamsikia akicheka hivyo tangu baba afe. Kisha akatoa mfukoni kidoli kimoja. Bibi harusi, na gauni lake. Mama amekutumia, akasema. Nikamnyoosha gauni kwa kidole.

Lenah alinikalisha chini, akaniapisha kwa Biblia. Cherehani haitaondoka tena. Nikaapa, na nilimaanisha kila neno.

Jumapili, 4 Novemba.

Lenah amekwenda kanisani. Mimi nimebaki, nimemwambia kichwa kinaniuma. Na ni kweli, kinauma kwa kuwaza.

Bibi harusi ameketi juu ya meza. Nimemfunga uzi, nimejaribu kwa vidole vyangu. Anaanguka kifudifudi tu. Na wimbo umenitoroka. Mstari wa kwanza ninao, wa pili ninao nusu. Wa tatu hakuna. Nikimwomba Lenah aimbe, anasema alikuwa mgongoni, amelala.

Juzi nilipata barua ya Gicheru. Ati amepata mashine ya kunasa sauti, inatumia betri ya gari, nzima kabisa. Anauliza nina kitu gani.

Nimepima pande zote. Mama mkwe hatazamwi, sawa. Nimetozwa mbuzi, nimejifunza, sitatazama. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyesema hasikilizwi. Lenah ataishika mashine. Mimi nitakuwa nyuma ya ghala. Gunia ninalo.

Ibada haitoki kabla ya saa saba. Cherehani iko karibu na mlango. Nimeinyanyua kidogo, kupima tu, ndiyo kazi yangu. Ratili thelathini hivi. Baiskeli inabeba.