Zamu ya Kupima Maji

Jumatatu, 10 Agosti 1987

Barua imefika! Mkutano wa watunzi wa programu za kompyuta, hotelini Watamu, Alhamisi hadi Jumamosi. Mzungumzaji wa Ijumaa: Bw. Mbaruk wa kiwanda cha chumvi, Gongoni. Mimi! Nimeisoma mara saba, moja kwa sauti, nimesimama. Bwana Thuku, meneja wetu, amenipa mkono. Amesema nikizungumza vizuri, ofisi mpya ya kompyuta Mombasa ni yangu. Chumba chenye feni. Kiti cha kuzunguka.

Kuna jambo moja dogo. Programu yenyewe si yangu. Aliitunga marehemu Tsuma, niliyekuwa nikitumia naye meza moja. Inapiga hesabu ya bahari: maji yatajaa saa ngapi, futi ngapi, na lango lifunguliwe lini ili yaingie kwenye mabwawa ya chumvi. Kazi safi, nakiri. Lakini Tsuma alichukuliwa na maji palepale langoni tarehe 27 Juni, na maiti hapandi jukwaani. Nani basi aizungumzie? Nimelitafakari suala hili kwa haki kabisa, nikaona ni mimi.

Asubuhi nzima nimefuta jina lake. Mistari arobaini na mmoja! Mtu alijipenda. Kila penye TSUMA nimeweka MBARUK. Nimeondoa na ule mlango wake. Tsuma alikuwa na adabu za kupita kiasi: programu ilianza kwa kuandika HODI, ukiijibu KARIBU inakuuliza wewe nani, inakutajia zamu, ndipo ipokee kipimo cha siku. Watu wa Nairobi watatucheka. Nimeung'oa wote.

Baada ya chakula nimewasha kompyuta. Kioo cheusi kwa muda. Halafu, kwa herufi za kijani: HODI.

Nimezima. Nimewasha tena, ikafunguka bila neno. Ni waya, bila shaka. Chumvi inakula kila kitu hapa.

Jumanne, 11 Agosti

Jumwa, mjane wa Tsuma, amekuja ofisini. Hakutaka chai. Ameketi ukingoni mwa benchi na kusema amesikia kazi ya mumewe itasomwa mbele ya watu wa mbali. Tangu azikwe hakuna aliyemshukuru. Anaomba kitu kimoja tu: nilitaje jina lake pale, mara moja, watu walisikie. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona haya. Kama dakika mbili hivi.

Kisha nikapata akili. Nimeahidi kulitaja jina, sikuahidi lini! Nitalitaja mwisho kabisa, watu wakiinuka kwenda kunywa chai na viti vikikwaruza sakafu. Nitalitia kati ya dereva na mpishi. Ahadi itakuwa imetimia na hakuna atakayesikia.

Jioni nimefungua orodha ya vipimo ili nichape karatasi za wageni. Niandike utaratibu wetu, nisije nikausahau nikiwa Mombasa. Kila alfajiri mmoja wetu alikuwa akishuka langoni, anaingia majini, anasoma ule mti wa kupimia uliopakwa alama za futi, anarudi kuandika kipimo na jina lake. Tangu Tsuma afe hakuna aliyeshuka. Bwana Thuku alikataza mpaka wajenge kizuizi cha kushikilia. Kwa hiyo orodha inapaswa kukoma tarehe 27 Juni.

Haikukoma. 28 Juni, saa kumi na mbili na dakika kumi, TSUMA. 29 Juni, TSUMA. Inashuka hivyo hivyo hadi leo asubuhi: futi 11, inchi 4, TSUMA. Siku arobaini na tano, hata Jumapili.

Nimeifuta yote.

Jumatano, 12 Agosti

Imerudi yote. Na kipimo kimoja zaidi. Futi 11 na inchi 1, leo alfajiri.

Nimekwenda kwa Kenga, mlinzi wa langoni. Ameapa hakuna mtu aliyeshuka kwenye mti tangu msiba. Lakini yeye mwenyewe hupiga mstari wa mkaa ukutani, maji yalipofika, kwa ajili ya kutega mitego yake. Tumepima mstari wa leo kwa kamba. Futi 11, inchi 1. Akaniuliza nani aliyenipa kipimo. Nikamwambia kompyuta. Akautazama mti, akayatazama maji, akaingia kibandani kwake na kujifungia.

Nikarudi ofisini. HODI, mara ya pili. Nimekimbia. Naandika kweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nimekimbia hadi barabarani, na kiatu kimoja kimebaki ofisini.

Mama yangu, Bi Mwanamina, yuko Malindi na hana haja ya kujua kompyuta ni nini. Nimepanda gari hadi kwake, nikampa shikamoo, nikamwuliza tu habari ya hodi ambayo mwenyewe haonekani. Akasema, mwanangu, ya kwanza usiitikie, na ya pili usiitikie. Asiye binadamu huchoka mapema, hangoji, hupita zake. Lakini ya tatu ni ya mtu mwenye haki yake, na hiyo lazima uijibu.

Basi vizuri! Imeshabisha mara mbili. Sasa itapita zake.

Na nimeona faida. Vipimo arobaini na sita, sahihi hadi inchi, bila mtu kulowa! Nairobi nzima hawana kitu hiki. Nimelifunika jina kwa wino mweupe kwenye karatasi za wageni na kuandika langu juu. Marehemu anapima, mimi nazungumza. Huo ni ushirikiano.

Alhamisi, 13 Agosti

Watamu. Koti nimeazima kwa shemeji yangu Abdurahman. Mikono ya koti inanifika kwenye kucha, ila nikikunja viwiko haionekani, kwa hiyo siku nzima nimetembea nimekunja viwiko.

Adui yangu nimeshamjua. Bi Nyakio, wa Nairobi, ametunga programu ya vitanda vya hospitali. Jina lake liko juu ya langu kwenye ratiba. Vitanda! Vitanda havijai wala kupwa.

Amesoma karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akauliza mpimaji wangu ni nani, maana hajachelewa dakika moja kwa siku arobaini na sita. Nikamwambia ni nidhamu. Akaomba kukutana naye. Nikamwambia ana haya. Ndipo akasema kwamba mwaka jana alikuwa akiandikiana barua na bwana mmoja wa Gongoni, Tsuma, kuhusu hesabu hizi hizi, na barua zikakatika. Hajambo?

Nikamwambia amehama.

Huyu hafai kuwepo kesho. Nimemwendea mwenye mkutano nikamnong'oneza kwamba Bi Nyakio anaharisha vibaya na anaona aibu kusema, kesho aachwe apumzike. Akashukuru na kumtuma muuguzi. Muuguzi amemkuta mezani anakula kamba, sahani ya pili. Bi Nyakio alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, akaninyanyulia glasi yake ya maji. Amehamishiwa kiti cha mbele, karibu na muuguzi, endapo atazidiwa.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika kwa penseli, kalamu imebaki jukwaani.

Saa nne nilipanda jukwaani. Kompyuta yetu ilikuwa imeunganishwa na televisheni kubwa ya hoteli ili wote waone. Bwana Thuku alikuwepo. Na Jumwa! Amekuja na lori la chumvi, amevaa leso mpya, na nani amemwachia nafasi kiti cha mbele? Bi Nyakio. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini nilipoanza.

Nilianza vizuri. Nilisema "programu yangu" mara sita na watu wakaandika. Nikasema, sasa tazameni. Nikabonyeza.

HODI.

Wageni wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Hii ilikuwa ya tatu. Nikasimama, nimekunja viwiko, nikitumaini itapita. Haikupita. Kicheko kikaisha. Mlangoni walikuwa wahudumu wa chai na masinia yao, wote watu wa hapa hapa, na mtu wa hapa hawezi kusikia wala kusoma hodi akaiacha ikining'inia. Wakaitikia pamoja: Karibu!

Sikugusa kitu. Naapa. Kioo kikaandika: WEWE NANI?

Watu mia na ishirini wakinitazama. Bi Nyakio akasema, kwa heshima sana, kwamba nimeulizwa. Nikaandika MBARUK. Ningeandika nini tena? Na televisheni, kwa herufi za kiganja kizima, ikajibu:

MBARUK. ZAMU YAKO JUMAMOSI 27 JUNI. HUKUFIKA. AMEKWENDA TSUMA.

Niseme hapa ambalo sijalisema. Ilikuwa zamu yangu. Bamvua ile, maji makali yanayojaa kuliko siku zote, na mimi nilituma salamu kwamba tumbo linanikata. Nilikuwa Malindi nikicheza karata. Tsuma akashuka badala yangu. Nimelibeba hili wiki saba na nimejitahidi sana nisilitazame.

Jumwa alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza hakulia wala hakunitukana. Akaniuliza tu kama nilikuwa mgonjwa kweli siku ile.

Nikasema kipaza sauti kimeharibika. Ukumbi mzima ulinisikia, kwa kipaza sauti.

Ndipo Bi Nyakio akasimama, akamgeukia Jumwa, akalitaja jina la Tsuma wazi, na akasema programu hii ni yake na barua zake anazo. Watu wote wakainuka. Wahudumu wakaweka masinia chini. Bwana Thuku alikuwa akitazama viatu vyake. Mimi nami nikainuka, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama tayari.

Jumatatu, 17 Agosti

Gongoni. Ofisi ya Mombasa hakuna. Kiti cha kuzunguka hakuna. Programu imerudishiwa jina lake, mistari arobaini na mmoja, nimeandika mwenyewe huku Bwana Thuku akihesabu. Kuanzia kesho ni mimi wa kushuka langoni kila alfajiri, bila zamu, peke yangu. Kizuizi kitajengwa mwezi ujao.

Jumwa amekuja tena. Safari hii alikunywa chai. Amesema hataki nifukuzwe. Anataka niende mwenyewe, kwa miguu yangu, niandike ninachokiona na nitie jina langu. Mumewe alikufa kwa ajili ya namba, angalau namba iwe ya kweli. Nikalia. Machozi halisi! Nikamwapia kwa jina la mama yangu. Sijawahi kumaanisha kitu kama nilivyomaanisha kile kiapo.

Alipoondoka nimefungua orodha. Kipimo cha mwisho ni cha Ijumaa alfajiri, TSUMA. Jumamosi hakuna. Jana hakuna. Leo hakuna. Nafasi iko wazi, kinukta cha kijani kinawaka na kuzima kikingoja mtu.

Jumatano, 26 Agosti

Siku za furaha!

Nilishuka majini siku tatu, kama nilivyoapa. Maji ni baridi, yanavuta miguu, na ukiwa pale unahisi kuna mtu amesimama nyuma yako anasubiri umalize kusoma. Siku ya nne, Ijumaa, nikajiuliza: kompyuta si inajua kupiga hesabu ya maji? Kwa nini basi mtu alowe? Nimetunga mistari minne tu, kazi yangu ya kwanza ya kweli. Kila siku, saa kumi na mbili na dakika kumi, programu inaandika kipimo yenyewe na kutia MBARUK. Kompyuta sizimi. Mimi nalala hadi saa moja. Hata Bi Nyakio hajawaza kitu kama hiki, na mkutano wa mwakani nitauandikia barua mapema.

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu, Kenga. Kibanda chake kinatazama mti. Angeweza kusema hanioni pale.

Leo bamvua imerudi. Nimeamka saa moja na robo, nimelala vizuri mno. Nilipofika ofisini nikamkuta Kenga kwa Bwana Thuku, kofia mkononi, nikaanza kurudi kinyumenyume. Kumbe amekuja kunisifu! Amemwambia meneja kwamba tangu Ijumaa ananiona kila alfajiri bila kukosa. Leo pia aliniona, maji yamenifika kifuani, nimeukazia macho mti. Alinipigia kelele nitoke kwa kuwa yalikuwa yanapanda. Sikugeuka. Maji yakafika shingoni, sikugeuka. Halafu hakuniona tena, akadhani nimetokea upande wa pili, na ndiyo maana amekuja kuhakikisha kama nimefika salama.

Bwana Thuku amenipa mkono. Nimemshukuru Kenga sana. Shahidi mzuri namna hii sikumtarajia, na wala sikumlipa.